UZI: Rubani wa vita akiangukia nchi isiyo vitani, anakuwa nani? Curragh, Dübendorf, Tashkent na kwingineko

Mlinzi wa Mnara (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu tukijadili Vita Kuu ya Pili tunakwenda mbio Stalingrad, tunapita El Alamein, tunamalizia Normandy. Kuna kona moja huwa tunairuka. Ndege ya mabomu imechapwa juu ya Ujerumani, injini mbili zimezima, tangi linavuja, Uingereza haifikiki tena. Rubani anatazama ramani, anaona Uswisi iko karibu, anageuza pua. Magurudumu yakishagusa ardhi ya Uswisi, yule bwana ni nani? Huwezi kumwita mateka, kwa sababu aliyemshika si adui yake. Na mgeni haji na bunduki kumi ubavuni.

Sheria ilikuwepo tangu 1907, Mkataba wa Tano wa Hague. Kifungu cha 11: nchi isiyoegemea upande ikipokea askari wa majeshi yanayopigana, iwaweke kizuizini, mbali na uwanja wa vita kadiri inavyowezekana. Cha 12: iwalishe na kuwavisha, vita vikiisha irudishiwe gharama. Cha 13 kina mlango wa nyuma: mateka aliyewatoroka watesi wake akafika nchi hiyo, aachwe huru.

Tazameni maajabu yake. Mmarekani aliyeruka kwa mwavuli, akakamatwa na Wajerumani, akatoroka, akavuka mpaka wa Uswisi usiku kwa miguu: huyo huru. Mwenzake wa ndege ya pili aliyetua vizuri kabisa uwanjani: huyo ndani.

Hoja yangu nitaisema mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Kifungu kilikuwa kimoja, lakini kila serikali ilikisoma huku jicho moja likitazama nani anashinda na jirani yake ni nani. Kizuizi hicho kilikuwa biashara zaidi ya sheria. Nitakwenda nchi kwa nchi, naanza na Ireland.

Chandarua

Nimekaa mkeka wa mbele mkuu. Shusha.

Mlinzi wa Mnara

IRELAND

Tarehe 20 Agosti 1940 ndege ya Kijerumani aina ya Condor ilijikita kwenye mlima Brandon, kaunti ya Kerry, ndani ya ukungu. Watu wote sita walipona. Serikali ya waziri mkuu de Valera ikawa na Wajerumani sita mkononi na swali la kuwafanyia nini. Wakapelekwa Curragh, kambi ya jeshi katika kaunti ya Kildare. Baada yao wakaanza kudondoka wa upande wa pili pia: Waingereza, Wakanada, Wapoland. Nao Curragh hiyo hiyo. Sehemu yao ikaitwa K-Lines, Wajerumani huku, Waingereza kule, katikati ukuta wa mabati.

Kifungo chenyewe sasa. Walinzi walikuwa na risasi baridi. Ndani kulikuwa na baa. Mshahara uliendelea kuingia. Ukitaka kutoka kwenda baa za Naas, mbio za farasi, gofu au kuvua samaki, unasimama kwenye kibanda cha mlinzi unatia saini karatasi: naahidi kwa heshima yangu nitarudi na sitatoroka. Ukirudi, karatasi inafutwa. Kesho unaandika nyingine.

Hapo ndipo anaingia Roland Wolfe, wengi walimwita Bud. Mmarekani, lakini alikuwa rubani wa kikosi namba 133 cha jeshi la anga la Uingereza, kile cha Wamarekani waliojitolea kabla nchi yao haijaingia vitani. Kituo chake Eglinton, Ireland ya Kaskazini. Tarehe 30 Novemba 1941 injini ya Spitfire yake ilichemka akiwa juu ya Donegal, akaruka. Yeye alishuka salama, ndege ikazama kwenye kinamasi cha mboji huko Inishowen. Alikuwa kilomita chache tu kutoka kituoni kwake, ila upande usio wake wa mpaka. Akapelekwa Curragh.

Siku saba baadaye Japani ikapiga Pearl Harbor. Marekani sasa iko vitani na Wolfe anakunywa bia Kildare. Tarehe 13 Desemba akatia saini, akatoka getini. Hatua chache akageuka: jamani nimesahau glovu zangu. Akaingia, akazichukua, akatoka tena, na safari hii hakusaini kitu. Kwa hesabu zake ahadi ya kwanza ilikufa alipoingia tena, na ya pili hakuitoa. Akala chakula Dublin, akapanda treni ya Belfast, akaripoti kituoni.

Wakubwa wake wakamrudisha Curragh.

Mama Nasra

Subiri kwanza kaka yangu. Waingereza wenyewe ndio waliomrudisha rubani wao kizuizini? Katikati ya vita? Na hao Wajerumani na Waingereza walikuwa wanapishana kwenye baa moja hivi hivi bila kurushiana chupa?

Mlinzi wa Mnara

Ndiyo Mama Nasra, walimrudisha. Mwenye kulijua la sheria atakujibu vizuri, namuona Wakili yuko mtandaoni.

La baa: walipishana, na walikutana hata kwenye mpira. Kuna mechi inayokumbukwa mpaka leo, Wajerumani 8, Waingereza 3.

Wakili wa Kijijini

Nimeitwa nimekuja.

Kifungu cha 11 kina aya ya mwisho inayoruhusu nchi mwenyeji kuwaachia maofisa watembee kwa ahadi yao. Ahadi hiyo si ya rubani peke yake. Ireland ingeona karatasi ile haina thamani, wangefungiwa wote moja kwa moja. Na London ilikuwa inapata mengi Dublin kwa mlango wa uani ambayo hayana karatasi kabisa. Kuanzia 1941 ndege kubwa za majini za Uingereza zilizokaa ziwa Erne, Ireland ya Kaskazini, ziliruhusiwa kukatiza anga ya Donegal kwenda Atlantiki badala ya kuzunguka kaskazini. Ile Catalina iliyoiona manowari ya Bismarck tarehe 26 Mei 1941 ilitoka ziwa hilo hilo. Sasa wewe ni waziri London, unachagua nini: rubani mmoja mjanja au njia ile ya angani? Hata mimi ningemrudisha na glovu zake.

Lakini nampinga mwanzisha uzi kwenye jambo moja. Anasema sheria ilisomwa vibaya. Mimi nasema haikuwa imekamilika. Mwaka 1907 ndege ya vita haikuwepo. Waandishi walikuwa wanawaza kikosi cha miguu kilichosukumwa kikavuka mpaka. Mwaka 1923 wataalamu waliandaa kanuni za vita vya angani pale pale Hague, nazo zinasema askari wa anga wawekwe kizuizini, ila hakuna nchi iliyozikubali rasmi kama mkataba. Serikali zilibaki na nguo ya 1907 kwenye mwili wa 1940. Lazima zitashona zenyewe.

Mlinzi wa Mnara

Wakili, nakubali nguo ilikuwa fupi. Tazama fundi alivyoshona sasa.

Dublin ilikuja na mgawanyo wake: ndege iliyokuwa kwenye operesheni ya vita, watu wake ndani, iliyokuwa kwenye mazoezi au safari ya kawaida, waachiwe. Kwenye karatasi inahusu pande zote. Sasa niambie, ni Mjerumani gani alikuwa anafanya mazoezi juu ya Kerry? Wa upande wa pili, kila aliyeanguka baada ya muda alikuwa kwenye mazoezi. Januari 1943 B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, ilitua Athenry, kaunti ya Galway, ndani yumo jenerali wa Marekani, Jacob Devers. Wakalishwa wakasindikizwa mpakani. Aprili 1943 nyingine ikashuka kwenye majimaji karibu na Clonakilty, kaunti ya Cork, ikiwa na kima aitwaye Tojo. Rubani na wenzake wakalala hotelini, mji mzima ukaja kumtazama kima. Maskini alikufa pale pale, akazikwa Clonakilty. Watu wakaenda zao kaskazini.

Hata wale waliokuwa K-Lines, Oktoba 1943 wengi wao waliachiwa kimyakimya, waliobaki wakahamishiwa Gormanston, na Juni 1944 nao wakaondoka. Wajerumani walikaa hadi 1945. Tena waliongezeka, maana mwishoni mwa Desemba 1943 meli ndogo ya Ireland, Kerlogue, iliokota mabaharia wa Kijerumani 168 kwenye ghuba ya Biscay, wakaingizwa Curragh pia.

Hakuna kifungu kilichobadilika kati ya 1940 na 1944. Kilichobadilika ni vita.

Kijana wa Mikindani

Ireland haikuishia kwenye marubani. Taarifa ya hali ya hewa iliyosaidia kuahirisha Normandy kwa siku moja ilitoka Blacksod, kaunti ya Mayo. Dada mmoja wa posta, Maureen Flavin, alisoma kipimo cha hewa usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni 1944, kinashuka, akatuma kama kawaida. Simu ikapigwa kumuuliza ahakikishe. Alikuwa anatimiza miaka 21 siku hiyo na hakujua taarifa zinakwenda wapi.

Swali langu kwa wakubwa: sisi wa kusini huku tumekaa na Msumbiji ng'ambo tu ya Ruvuma. Ureno haikuwa vitani na Msumbiji ilikuwa yake. Kuna marubani waliozuiliwa pale?

Mlinzi wa Mnara

Kijana, Msumbiji ilikuwa maarufu kwa ubadilishanaji wa watu. Julai 1942 meli ya Kiswidi Gripsholm ilikutana Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, na meli mbili zilizotoka Asia, Asama Maru na Conte Verde. Wajapani waliokuwa Marekani wakavuka upande huu, Wamarekani waliokuwa Asia wakavuka upande ule. Wengi wanadiplomasia na raia. Habari za marubani kwa Ureno ziko Lisbon, na moja ni tamu sana.

Novemba 1942, ndege za kivita za Marekani aina ya P-38 zinatoka Uingereza kwenda Afrika Kaskazini. Ya Jack Ilfrey inaishiwa mafuta kwa sababu tangi moja la nje limedondoka njiani. Anatua Lisbon. Wareno wanampokea kwa adabu na kahawa, wanamwambia ndege sasa ni yao. Wanaijaza mafuta ili waihamishe, na rubani wao anapanda bawani, anainama kwenye chumba cha rubani Ilfrey amwoneshe vitufe. Muda huo P-38 nyingine inatua, macho yote yanageukia kule. Ilfrey anawasha injini. Upepo wa panga unamfagia Mreno bawani, Ilfrey anaruka hadi Gibraltar. Huko nako nusura wamrudishe Lisbon kama Wolfe alivyorudishwa Curragh, maana wakubwa walianza kukuna vichwa. Hakurudishwa.

Otieno wa Ziwani

Hii inanikumbusha Mwitaliano wa Nanyuki, Felice Benuzzi. Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambi, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyochonga wenyewe kutokana na vyuma vya taka, wakasimika bendera ya Italia kileleni Lenana, halafu wakarudi kambini na kujisalimisha! Huyo naye si alikuwa kizuizini tu?

Wakili wa Kijijini

Ndugu Otieno, Benuzzi alikuwa mateka kamili, ameshikwa na Mwingereza ambaye ndiye adui yake. Mateka akitoroka akafika Ureno au Uswisi, kifungu cha 13 kinamkumbatia. Akikamatwa njiani anapewa adhabu ya nidhamu tu. Benuzzi alipewa siku 28 za kufungiwa peke yake, akatumikia saba. Wa Uswisi hali yao ilikuwa tofauti kabisa na si nzuri. Naomba mwanzisha uzi afike huko, maana huko ndiko nyama ilipo.

Mlinzi wa Mnara

USWISI

Haya. Kuanzia Agosti 1943 ndege za mabomu za Marekani zilianza kuingia Uswisi zikiwa hoi. Nyingi zilisindikizwa hadi uwanja wa Dübendorf, karibu na Zürich. Tarehe 18 Machi 1944 pekee ziliingia 16. Vita vilipokwisha Wamarekani waliopitia kizuizi cha Uswisi walikuwa zaidi ya 1,500.

Walipelekwa kwenye miji ya watalii ambayo vita viliiacha bila watalii: Adelboden, Wengen, Davos. Hoteli tupu za milimani, theluji, mpira wa magongo kwenye barafu. Ukitazama picha zao utasema wako fungate. Ila makaa ya kuwashia moto yalikuwa haba, chakula kilikuwa cha mgao, na kuna jambo lilikuwa linawauma zaidi: mwambata wa kijeshi wa Marekani mjini Bern, Barnwell Legge, aliwaamuru wasitoroke, anayetoroka atakiona.

Walitoroka. Waliokamatwa wengi walipelekwa Wauwilermoos, jimbo la Lucerne. Kambi ya mabanda ya mbao kwenye ardhi ya majimaji, waya wa miiba, mbwa, nyasi kavu za kulalia zenye wadudu, vyoo vya mtaro. Mkuu wa kambi, Kapteni André Béguin, alikuwa na historia ya kuwashabikia Wanazi. Aliiba vifurushi na kuzuia barua. Watu walipungua uzito, wakatoka majipu, wengine walikaa miezi. Baada ya vita mahakama ya kijeshi ya Uswisi yenyewe ilimhukumu kifungo.

Sasa linganisha. Ireland, aliyetoroka anarudishwa kwenye baa yake. Uswisi, aliyetoroka anatupwa Wauwilermoos. Kifungu ni kile kile cha 11.

Nyundo Baridi

Mkuu nakuheshimu ila hapa unaionea Uswisi. Ireland imezungukwa na maji na jirani yake ni Mwingereza. Uswisi kuanzia 1940 ilizungukwa na Hitler, Mussolini na Ufaransa iliyokaliwa. Makaa yake ya mawe yanatoka Ujerumani. Ukiachia Wamarekani 1,500 waondoke kirahisi, unampa Hitler sababu. Nchi ndogo haina anasa ya kuwa na huruma kwa wote.

Tena usisahau Wamarekani walivyowafanyia. Tarehe 1 Aprili 1944 walipiga mabomu Schaffhausen, mji wa Uswisi kabisa, wakidhani uko Ujerumani. Watu 40 walikufa. Na Septemba 1944 ndege za kivita za Marekani aina ya Mustang zilimwangusha na kumuua rubani wa Uswisi aliyekuwa anaisindikiza B-17 iliyojeruhiwa ikatue salama! Messerschmitt yake ilifanana na ya Mjerumani.

Mlinzi wa Mnara

Nyundo, hayo yote ni kweli, na ongeza lingine: Waswisi nao walifyatua. Aprili 1944 B-17 iliyokuwa inaingia kwa shida ilitunguliwa na ndege za Uswisi ikazama ziwa Greifensee, na wengi waliokuwamo wakafa.

Wala siwaiti wabaya. Nasema walifanya biashara, na nitakupa risiti.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, ndege ya Kijerumani ya kuwinda usiku, Messerschmitt 110 ya Luteni Wilhelm Johnen, ilikuwa inafukuza Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, karibu na mpaka. Injini moja ikapigwa, taa za kumulikia za Uswisi zikampofusha, akatua Dübendorf. Ndani ya ndege hiyo kulikuwa na rada mpya ambayo Waingereza walikuwa bado hawajaitia mkononi, na mizinga iliyotegwa mgongoni ikielekea juu, ya kupiga tumbo la ndege ya mabomu kutokea chini. Na mmoja wa watu watatu waliokuwamo, Paul Mahle, alikuwa fundi silaha aliyehusika kuunda mtego huo wa mizinga. Yaani siri na fundi wake vimetua pamoja.

Berlin ikapagawa. Familia ya Johnen ikakamatwa na Gestapo. Ukaanza mpango wa kutuma makomando wa Otto Skorzeny, ofisa wa SS ya Hitler, waende kuilipua ndege ndani ya Uswisi. Kabla hawajatumwa, pande mbili zikakaa mezani. Makubaliano: Uswisi itaichoma ndege ile mbele ya mashahidi wa Kijerumani, na Ujerumani itaiuzia Uswisi Messerschmitt 109 mpya 12. Faranga 500,000 kila moja. Ndege ikateketezwa Mei hiyo hiyo, zile 12 zikaja, na Johnen na wenzake walikuwa wamesharudishwa kwao kuendelea kuwinda.

Mmarekani aliyetua uwanja ule ule mwezi ule ule alikuwa Adelboden anahesabu theluji.

Chandarua

Duh. Na hizo ndege 12 zilifanya kazi?

Nyundo Baridi

Hapo nacheka mwenyewe. Zilikuwa mbovu. Kazi ya haraka haraka ya viwanda vinavyopigwa mabomu, injini za kusuasua. Baada ya vita Waswisi waliwadai watengenezaji na kurudishiwa sehemu ya fedha.

Lakini mkuu, hilo linathibitisha hoja yangu. Wangekataa, Skorzeny angekuja, na huenda vita vingekuja nyuma yake. Walinunua amani kwa ndege moja iliyoungua.

Mama Nasra

Mimi linaloniuma ni hao vijana wa Wauwilermoos. Wakirudi kwao walipokelewaje? Maana najua watu watasema wewe ulikuwa hotelini wenzako wanakufa.

Mlinzi wa Mnara

Ulichokisema ndicho kilichotokea, tena kilianza kabla vita havijaisha. Mwaka 1944 balozi mdogo wa Marekani mjini Göteborg, William Corcoran, aliandika taarifa kwamba baadhi ya walioingia Sweden walikuwa wanakwepa vita kwa makusudi. Mkuu wa jeshi la anga, Jenerali Arnold, alizipokea kwa hasira shutuma za namna hiyo na kutaka uchunguzi. Ndege zikakaguliwa. Kwa sehemu kubwa sana zilikutwa na matundu, injini zilizokufa, mafuta yaliyokwisha. Hakukuwa na wimbi la wakimbiaji. Lakini maneno yalishatoka.

Na kwa kuwa kisheria hawakuwa mateka, waliopita Wauwilermoos hawakuhesabiwa mateka. Aliyelisukuma jambo hilo ni ofisa wa jeshi na mwanahistoria, Dwight Mears, ambaye babu yake alikuwa rubani wa B-17 iliyozuiliwa Uswisi. Sheria ya Marekani ikarekebishwa, na tarehe 30 Aprili 2014 Pentagon ikatoa nishani ya mateka wa vita kwa 143 wa kambi ile. Waliofika kuipokea wenyewe walikuwa wanane.

Miaka sabini, Mama Nasra.

Otieno wa Ziwani

Na Sweden je? Umeitaja ukaipita.

Mlinzi wa Mnara

SWEDEN kwa ufupi, maana ni Ireland yenye theluji. Ndege nyingi zilitua uwanja wa Bulltofta, Malmö. Watu wakakaa sehemu kama Falun na Rättvik, wakaendesha baiskeli, wakaoa. Mwaka 1944 Sweden ilikuwa inaona upepo unakovuma, na wakati huo ilihitaji ndege za abiria. Marekani ikaiachia B-17 tisa kati ya zile zile zilizotua, watu wakaachiwa. Kiwanda cha Saab kikazigeuza saba kati yake kuwa za abiria, zikatoa huduma kwenye shirika la ndege la Sweden. Ndege iliyokwenda kupiga Ujerumani ikaishia kubeba abiria na masanduku yao.

Ila mkitaka nchi iliyokisoma kifungu cha 11 kwa macho makavu kuliko zote, ni ya Stalin.

Watu husahau kwamba Urusi ya Kisovieti haikuwa vitani na Japani hadi Agosti 1945. Ilikuwa na mkataba wa kutoshambuliana tangu Aprili 1941, na haikutaka vita viwili. Tarehe 18 Aprili 1942 ndege 16 za mabomu za Marekani zilizoongozwa na Doolittle zilipiga Tokyo. Kumi na tano zikaelekea China. Ya Kapteni Edward York ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi, akageuza kuelekea Vladivostok. Warusi walikuwa wanapigana na Hitler bega kwa bega na Marekani, na bado York na wenzake wanne wakawekwa kizuizini. Wakahamishwa hadi Okhansk karibu na Perm, kisha Ashkhabad karibu na mpaka wa Iran. Mei 1943 wakapata mlanguzi, wakamlipa, akawavusha usiku hadi Iran, ambako Waingereza waliwapokea. Miezi 13.

Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba mlanguzi na safari nzima ilipangwa na NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti. Stalin alitaka waondoke, ila Japani iamini wametoroka.

Kijana wa Mikindani

Hahahaha! Yaani walitoroshwa bila kujua wanatoroshwa!

Mlinzi wa Mnara

Na ukawa utaratibu. Waliofuata, wengi wakitokea visiwa vya Aleutian kwenda kupiga visiwa vya Kuril vya Japani, walikusanywa kambi moja karibu na Tashkent. Kundi likijaa, linapakiwa malori hadi Iran, linaonywa lisifungue mdomo. Jumla yao 291. Kimya kilikuwa sharti, kwa sababu Tokyo ikijua, mlango unafungwa kwa watakaofuata.

Watu walirudishwa. Ndege hazikurudishwa. Mwaka 1944 B-29 tatu nzima, ndege kubwa za mabomu za Marekani, zilitua mashariki ya mbali ya Urusi. Washington iliziomba, Moscow ikajibu kwamba nchi isiyoegemea upande hairudishi silaha. Kisheria jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa! Kisha mbunifu wa ndege Tupolev akaamriwa azinakili. Moja ikafumuliwa msumari kwa msumari, moja ikaachwa ya kulinganishia, moja ya kufundishia marubani. Tarehe 3 Agosti 1947 pale Tushino, Moscow, wakubwa wa magharibi wanatazama gwaride, zikapita B-29 tatu. Wakajua ni zile zile zilizozuiliwa. Ikapita ya nne, ya abiria, bawa lile lile. Ndipo wakaelewa kwamba Warusi wanaziunda wenyewe. Nakala hiyo, Tu-4, ndiyo iliyokuja kudondosha bomu la nyuklia la kwanza la Kisovieti kutoka angani, 1951.

Wakili wa Kijijini

Nikiri mfano wa Moscow unakusaidia. Lakini angalia matokeo ya mbali. Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka uliweka kipengele kwamba waliozuiliwa na nchi zisizoegemea upande wasitendewe chini ya wanavyotendewa mateka. Wauwilermoos isingekuwa rahisi kuitetea baada ya hapo. Kwa hiyo nguo ilirefushwa kidogo.

Nyundo Baridi

Upande wa binadamu imerefushwa. Upande wa ndege biashara iko pale pale. Januari 1991 ndege za Saddam zaidi ya 100 zilikimbilia Iran kukwepa mabomu ya Marekani. Iran ilikuwa imetangaza haiko upande wowote. Baghdad ikaomba zirudi, Tehran ikasema sisi mlitudhuru kwa vita vya miaka minane, hizi ni sehemu ya fidia. Nyingine zikaingia moja kwa moja jeshi la anga la Iran. Mwaka 2014 Daesh walipoibana Baghdad, Su-25 chache zikarudi Iraq zikitokea Iran.

Chandarua

Kwa hiyo Iran ilikaa nazo miaka 23 halafu ikazitoa siku inayotaka Baghdad isianguke.

Nyundo Baridi

Hizo chache tu. Nyingine bado ziko Iran.

Mama Nasra

Kaka Mlinzi, na wale Wajerumani wa Curragh waliokaa hadi mwisho, walirudi wote?

Mlinzi wa Mnara

Wengi walirudishwa 1945, na wapo waliokuwa wameshachumbia. Wakati wa kizuizi wengine waliruhusiwa hata kusoma chuo kikuu Dublin. Mmoja wa waliobaki ni Georg Fleischmann, Mwaustria wa jeshi la anga la Ujerumani. Alikuwa mpiga picha za filamu. Akajiita George, akafanya kazi Ireland miaka mingi, akatengeneza filamu za hali halisi za nchi hiyo kipindi ambacho watengenezaji wenyewe walikuwa wa kuhesabika.

Uhispania na Uturuki nimeziacha makusudi. Juni 1942 Uturuki ilipokea ndege nne za mabomu za Marekani aina ya B-24 kwa mkupuo zikitoka kupiga viwanda vya kusafisha mafuta vya Ploiești, Romania, hiyo inataka uzi wake. Mwenye nayo aianzishe, nitakuja kukaa mkeka wa mbele.

Otieno wa Ziwani

Naianzisha mimi Jumamosi. Nipeni nafasi nisome kwanza.